Msumari wa Nane

Wadogo zangu wa depo, ghala la ofisi yetu, mliniomba niwaachie maandishi kuhusu namna ya kufunga vitu vya kale ili visivunjike njiani. Nitayaandika, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya hapa Kasongo tangu ndevu zangu zilipoanza kuota mpaka zilipogeuka nyeupe. Nikishamaliza habari za nyasi kavu na mbao, nitawaeleza jambo jingine ambalo hamkuniomba. Msiruke kurasa kulifikia. Bila ya nyasi na mbao hamtalielewa.

Siku ya kwanza nilipewa ufunguo wa chumba kilicho nyuma ya ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya. Ndani mlinuka moshi kama jiko la zamani. Kulikuwa na vinyago, ngoma, vikapu, mikuki, na milango miwili ya nakshi iliyong'olewa Nyangwe kwenye nyumba za wafanyabiashara wa enzi za Waarabu. Mzungu aliyeniajiri alisema maneno mawili tu: panga, safisha. Nilikuwa nimetoka shule ya misheni na nilipenda kusifiwa, basi nikaanza na kusafisha. Nikachukua sanamu ndogo ya mti, nyeusi kwa masizi, nikaisugua kwa mchanga na sabuni. Kufikia mchana ilikuwa inang'aa kama mwiko uliotoka sokoni.

Seremala wetu alikuwa Baba Amisi, Mwislamu wa Nyangwe, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisimama mlangoni akaitazama sanamu, kisha akanitazama mimi.

"Yosefu, nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa, Baba."

"Sasa mbona umeosha maiti?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliingia, akaishika sanamu kwa mikono miwili. "Ile moshi ilikuwa inaonyesha hii kitu ilikaa juu ya mafiga miaka mingi. Hapa kulikuwa na mafuta. Hapa pamelainika, njo mukono ya mutu aliyekuwa anaishika kila siku. Sasa iko ya nani? Iko ya sabuni."

Huo ndio mwanzo wa masomo yangu. Shule ilinifundisha kusoma herufi, lakini Baba Amisi, asiyejua hata kuandika jina lake, alinifundisha kusoma vitu. Aligeuza kila kitu chini juu kabla ya kukitazama usoni. Alisema usoni ndipo mtu anapojipamba, habari zake ziko chini. Kutoka kwake nilijifunza kuona ngoma iliyoshonwa mara mbili, mkuki uliokatwa ukawa mfupi baada ya mwenyewe kuzeeka, kikapu chenye shanga za kioo ambazo hakuna mtu wa Maniema aliyewahi kuzitengeneza. Kila shanga ile ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wasiojuana, kutoka baharini mpaka hapa, na watu wengine walikuwa wamefungwa kamba njia ile ile. Hayo hayakuandikwa mahali popote, lakini yalikuwa pale kwenye kikapu.

Sasa kazi yenyewe. Nyasi zikaushwe wiki mbili, si moja, la sivyo zinaota ukungu ndani ya kasha na lawama inakuja kwenu. Sufi ijazwe kwenye mashimo yote, hasa macho na midomo. Kamba isifungwe shingoni kamwe. Kati ya kitu na ubao acheni nafasi ya vidole viwili, kisha litikiseni kasha huku mmeweka sikio. Mkisikia chochote, fungueni muanze upya. Baba Amisi alikuwa anashika misumari mdomoni, sita au saba, na aliweza kuongea, kutukana na kusifu bila kumeza hata mmoja. Msimwige.

Halafu kuna fishi, ile kadi ngumu inayofungwa kwenye kila kitu kwa uzi wa katani. Ina namba, jina la kitu, mahali, na mstari wa mwisho: namna kilivyopatikana. Mstari huo ulijazwa kwa neno moja kati ya mawili, kimenunuliwa au zawadi. Mwaka wa kwanza niliuliza kama hakuna neno la tatu. Nikaambiwa fishi zinachapwa Ulaya na bado zimebaki nyingi.

Ofisi yetu pia ilikuwa na desturi yake. Kabla kitu hakijaondoka kijijini, karani alitakiwa kuisoma fishi kwa sauti mbele ya chefu wa kijiji na watu, ili baadaye asitokee mtu wa kusema Leta imeiba. Leta ni serikali, ninyi mnajua, lakini naandika kwa ajili ya watakaokuja baada yenu. Kazi ya kusoma ilikuwa yangu. Nilikuwa na sauti nzuri, nilikuwa naimba kanisani, na nilijivunia sana kusomea watu. Niseme ukweli, nilikuwa napenda jinsi walivyonyamaza.

Basi tulikwenda Lusangi, upande wa Kabambare. Tulikuwa na mgeni kutoka Ulaya, mtaalamu wa vitu vya kale, mtu mpole mwenye miwani, aliyeshukuru hata akipewa maji. Katika nyumba ya mzee mmoja anayeitwa Kimenya aliona kiti. Kilikuwa kiti kifupi cha mti mzito, kimelainika juu, na chini ya ukingo wake kilikuwa na misumari saba kwenye mstari. Mgeni alikipenda papo hapo. Akaniambia niulize kama kinaweza kuondoka.

Mzee Kimenya alikuwa ameketi kwenye mkeka, si kwenye kiti. Alijibu bila hasira. "Karani, mwambie hii kiti haiko yangu. Iko ya ukoo. Mimi naichunga tu, kama vile baba alichunga. Mutu anayechunga mbuzi za wengine anaweza kutoa zawadi?"

Nilitafsiri. Mgeni akaandika kitu kwenye daftari lake, akashukuru, tukaondoka. Nilidhani yameisha.

Kesho yake polisi walimkamata Kimenya pamoja na wanaume wengine wanne kwa kosa la kuchelewa kupalilia shamba la pamba la lazima. Wakapelekwa kasho, jela ya Kabambare. Asubuhi ile ile tulirudi kwenye nyumba yake. Nani alitoa amri, mimi sikuambiwa na sikuuliza. Binti yake, Mama Zaina, alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alisema baba hayupo. Polisi akamsogeza kwa bega. Nikaingia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyefundishwa namna ya kubeba vitu hivyo, na nikakitoa kiti kwa mikono yangu miwili, nimekishika chini kama Baba Amisi alivyonifundisha.

Nilipoandaa fishi niliuliza tuandike nini kwenye mstari wa mwisho. Mgeni alifuta miwani yake muda mrefu. Kisha akasema: zawadi. Nikaandika: Kiti cha mti chenye misumari ya urembo. Lusangi. Zawadi ya Kimenya.

Watu wakaitwa, wengine kutoka vitongoji vya mbali ambako hawakuona chochote. Nikapanda juu ya kizingiti nikasoma. Wakanyamaza kuliko siku zote. Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni. Nami, Mungu anisamehe, nikadhani ni sauti yangu.

Siku iliyofuata Kimenya akaachiliwa. Nafikiri mgeni alimwombea, labda moyo ulikuwa unamsumbua, na labda aliona amefanya wema. Wale wanne wengine walikaa kasho wiki mbili. Ninyi mna akili, mnaweza kujumlisha wenyewe mambo kama watu wa Lusangi walivyojumlisha. Karatasi imesema Kimenya ametoa kiti. Kimenya ametoka, wenzake wamebaki. Basi alikitoa ili atoke.

Alifika Kasongo kwa miguu katika wiki ya tatu. Tulikuwa karakana, mimi na Baba Amisi, na kiti kilikuwa ndani ya kasha lake, nyasi zimeshapangwa, kifuniko bado. Mzee alisimama kwenye jua mpaka tulipomkaribisha. Miguu yake ilikuwa imevimba. Baba Amisi alimpa maji, akanywa, kisha akanigeukia.

"Karani, njo weye ulisoma karatasi kwetu?"

"Njo mimi, Muzee."

"Soma tena. Ile siku sikuwako."

Nikaitoa fishi nikasoma. Safari hii sikuwa na sauti.

"Nani alikuambia nilitoa?"

Nikaigeuza fishi mkononi.

"Ndugu zangu hawaketi tena na mimi. Wanasema niliuza wazee wetu saba ili nisilale mu kasho. Mutoto wa ndugu yangu, Saleh, anatema mate nikipita. Sikuja kudai kiti, najua haitarudi leo. Nimekuja kwa ile neno moja. Uifute."

"Muzee, karatasi haiko yangu. Iko ya Leta."

"Na mukono iliyoandika?" akauliza. "Iko ya nani?"

Nikatazama chini. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa pili mwezi ule, na karani aliyenitangulia alifukuzwa kwa kujibu barua bila kuulizwa. Nayaeleza hayo si kwa kujitetea. Niliogopa, na niliona aibu kwamba naogopa, na bado niliendelea kuogopa. Kalamu ilikuwa sikioni mwangu. Ilihitaji mstari mmoja tu.

Mzee hakunisihi. Aliomba akitazame kiti. Tulikitoa, akakigeuza chini juu, na Baba Amisi akasogea karibu, maana hapo alimtambua mtu wa kazi yake. Kimenya akaweka kidole kwenye msumari wa kwanza.

"Kila mwenye kuchunga kiti, akiwa hai, anachagua musumari yake. Lazima iwe chuma ya siku zake. Akikufa, anayemfuata anaipiga, na siku ya matanga tunataja majina yote, musumari kwa musumari. Hii mbili za kwanza ni chuma nyeusi, ilifuliwa na wafua chuma wetu wenyewe. Hii mbili nyekundu ni shaba ya upande wa kusini, watu walikuwa wanabadilisha na chumvi. Hii mbili zenye kichwa mviringo zilikuja na misafara ya Nyangwe. Ile wakati watu wetu walikuwa wanapelekwa." Akafika wa saba, ambao ulikuwa wa manjano, umekunjwa vibaya. "Hii ni ya baba yangu. Ganda la risasi. Aliiokota mu shamba yake, wakati Waarabu na Bula Matari, Wazungu wa kwanza wa Leta, walikuwa wanapigana juu yetu."

Mimi nilikuwa nimeandika misumari ya urembo.

Wadogo zangu, nimefungua makasha mengi na kufunga mengi, na nimepitia vitabu vyote vilivyoko kwenye kabati la ofisi. Hakuna kitabu kilichoniambia habari za nchi hii, na za wale waliokuja kuitawala mmoja baada ya mwingine, kwa ukweli kama ukingo ule wa kiti. Wafalme na makampuni yao wote walikuwa pale, kila mmoja kwa chuma alichokuja nacho. Na aliyeiweka misumari ile kwenye mstari hakuwa mtaalamu wa Ulaya. Alikuwa baba wa mtu, anachagua msumari wake.

Baba Amisi alikuwa amesimama na misumari yake mdomoni. Kimenya akamtazama. "Fundi, hii unayofungia sanduku inatoka wapi?"

Baba Amisi akaitoa yote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya katikati ya kazi. "Ulaya, Muzee. Inakuja mu makatoni."

"Nipatie moja."

Baba Amisi alichagua ulionyooka, akaufuta kwenye shati, akampa kwa mikono miwili. Mzee aliugeuza kwenye jua. "Basi njo hii chuma ya siku zangu," alisema. Aliweka ncha yake kwenye ukingo, karibu na ganda la risasi la baba yake, akabonyeza na kuzungusha mpaka ukaacha kitobo kidogo kwenye mti. Kisha akaufunga kwenye pindo la shuka lake. Akashika kiti kwa kitambo, akakirudisha mwenyewe kwenye nyasi, akaenda zake.

Kifuniko nilikipiga mimi. Baba Amisi alikataa, mara ya kwanza na ya mwisho katika miaka yote niliyomjua. Alikaa kwenye gogo lake akisubiri nimalize. "Mimi sijui kusoma, Yosefu," alisema, "lakini leo nimejua kitu umeandika." Kasha likapanda lori kwenda Kindu, na kutoka huko likaenda zake Ulaya.

Miaka ikapita. Nilifunga mamia ya vitu vingine na sikuwahi tena kuosha kimoja. Niliposoma fishi vijijini nilisoma harakaharaka, nikitazama karatasi. Kila nilipoandika zawadi niliona miguu iliyovimba, na niliandika tu. Baba Amisi alikufa akaniachia nyundo yake, ile yenye mpini wenye alama ya kidole gumba chake. Kisha dereva mmoja wa lori la pamba akaniletea habari kwamba Kimenya wa Lusangi amefariki. Dereva alikuwapo kwenye matanga. Aliniambia kwamba walipotaja majina ya wachungaji wa kiti, waliishia kwa baba wa Kimenya. Mama Zaina alisimama kusubiri jina la nane, akasimama peke yake mpaka watu wakaanza kuongea mambo mengine. Dereva aliyasimulia kama habari za njiani. Sikuweza kumaliza chakula changu.

Hata hapo sikufanya kitu. Niliendelea na kazi.

Wiki yangu ya mwisho, Bwana Mkubwa wa sasa, kijana anayehesabu siku zake za kurudi kwao, aliniambia nikague rejista, daftari ambamo kila fishi ilinakiliwa, kabla ya kuwakabidhi ninyi. Nikaifungua kwenye ukurasa wa kiti cha Kimenya. Wino wangu ulikuwa umefifia lakini neno lilisomeka vizuri. Nikalikata kwa mstari mmoja, si kulifuta, ili kila mtu aone lilikuwa neno gani. Juu yake nikaandika: Kilichukuliwa kwa nguvu, mwenye kukichunga akiwa kasho. Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyekibeba. Nikatia sahihi. Ujasiri wa mtu anayeondoka ni rahisi, najua, na sitaki mnisifu kwa huo. Kisha nikaandika fishi mpya, nikapanda lori mpaka Kabambare, na kutoka hapo nikaazima baiskeli mpaka Lusangi.

Niliomba watu waitwe kwa desturi ile ile. Saleh sasa ni mzee wa ukoo, mwenye fimbo. Mama Zaina ana mvi. Nilisimama chini, si kwenye kizingiti, nikasoma fishi mpya neno kwa neno, pamoja na jina langu. Wakanyamaza. Safari hii nilijua wananyamazia nini.

Saleh ndiye aliyeongea kwanza. "Karani, miaka hii yote ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mu kazi, Muzee."

Mama Zaina akasogea mbele. "Soma tena," alisema. Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu, na machozi yalikuwa yananitoka, na sikujificha. Saleh aliilaza fimbo yake chini. Kisha akaanza kutaja majina, taratibu, jina kwa jina, wale wawili wa chuma nyeusi, wale wawili wa shaba, wale wawili wa misafara. Akalitaja jina la babu yake, mwenye ganda la risasi. Akamtazama Zaina, akasema, "Kimenya." Zaina akaanguka chini akalia kilio cha msiba, kilio alichokuwa amekibeba tangu siku ya matanga, na wanawake wakamjia, na Saleh mwenyewe akavua kofia.

Nilipokuwa naondoka Mama Zaina alinifuata mpaka kwenye baiskeli. Alifungua pindo la kitenge chake. Msumari wa baba yake ulikuwa umeshika kutu.

"Baba alikataza isipigwe mu kitu ingine," alisema. "Kiti ikirudi, itapita kwenu kwanza. Weye ulifunga sanduku. Sasa utachunga hii. Lakini sikupatii zawadi, Karani. Uandike vizuri."

Nimeandika vizuri. Msumari uko kwenye droo ya chini ya meza ya fishi, umefungwa kwa uzi wa katani, na namba yake ni ile ile ya kiti. Kwenye mstari wa mwisho nimeandika: Umewekwa tu. Ni wa ukoo wa Kimenya, Lusangi. Kando yake nimeacha nyundo ya Baba Amisi.

Kiti kikirudi, msikioshe. Msumari nao msiusugue, kutu ile ni ya pindo la Kimenya na la binti yake. Kigeuzeni kiti chini juu. Karibu na ganda la risasi mtaona kitobo kidogo. Msipige ninyi. Mwiteni mtu wa Lusangi, mpeni nyundo, na ninyi msimame pembeni mkisikiliza majina, mpaka afike la nane.